Orlena Hakukitikisa

Watu wa bonde letu wanasema kwamba Orlena Stidham alipigwa marisau ya bunduki kwa sababu alikitikisa kisanduku chake cha kuitia ndege. Hakukitikisa. Naanza na hilo kwa kuwa uongo huo umesemwa kanisani, umesemwa kwenye kituo cha petroli, na umerudiwa katika chumba cha walimu na watu wenye shahada kama yangu ambao hawajawahi kumwona bata mzinga ila akiwa amelazwa kwenye sinia, amejazwa mkate na vitunguu tumboni. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake chini ya mwaloni mmoja. Nilisikia kila sauti iliyotoka katika kisanduku kile, na bunduki niliisikia pia.

Orlena ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Alizaliwa katika nyumba ya mbao chini ya kile kilima kirefu ambacho hapa kaskazini mwa Arkansas kinaitwa Mgongo wa Stidham, na baba yake, Garland, alimfundisha kuwaita bata mzinga kabla ya kumfundisha kusoma saa. Neno "kufundisha" nalitumia kwa adabu. Baada ya chakula cha jioni Garland aliwaketisha mezani watoto wake wawili, Orlena na mdogo wake Doyce, akaweka kisanduku kati yao, na aliyekwaruza kifuniko vibaya alichapwa viungo vya vidole kwa mpini wa kisu. Orlena alichapwa mpaka akajua. Doyce alichapwa zaidi, hakujua, na chuki yote aliyostahili baba akamwekea dada.

Maisha hayakumbembeleza Orlena baada ya hapo. Mume wa kwanza alimvunja taya. Wa pili aliinua mkono karibu na jiko, na mpaka leo sikio moja la mume huyo limekunjamana kwa kikaango cha chuma alichopigwa na Orlena. Amefanya kazi tangu ujana katika kiwanda cha kuku, kwenye chumba chenye taa hafifu ambamo ndege hai wananing'inizwa kwa miguu kwenye minyororo inayotembea kuelekea kisu. Mikono yake ina makovu ya kucha hadi kwenye viwiko, na vidole vyake vina nguvu ambayo wanaume huigundua wanapomsalimia, wakajutia salamu. Kitu kimoja tu katika dunia hii alikipenda bila kupigwa kwa ajili yake: asubuhi za majira ya kuchipua juu ya Mgongo, madume wanaponguruma kutoka matawini.

Garland alipokufa, sehemu ya juu yenye mialoni wanakolala ndege ilikuwa ya Orlena, na sehemu ya chini yenye nyumba na barabara ikawa ya Doyce. Doyce alichukua pia kisanduku cha baba. Alijitengenezea kazi ya kuwaongoza wageni wa mijini wanaolipa ili waue dume mmoja na kupiga naye picha, na kwa kuwa ndege walilala juu kwa dada yake, aliwapandisha huko bila hata kubisha mlango.

Orlena alihitaji kisanduku chake mwenyewe. Tulikwenda kwa Hoyt Lankford, seremala mwenye kiburi ambaye huvitengeneza katika banda nyuma ya nyumba yake, hapo karibu na kijito. Ni vitu vidogo, virefu kama kiganja na nusu: kijisanduku chembamba kisicho na kitu ndani, na juu yake kifuniko chenye mkono, kilichoshikiliwa kwa skrubu moja upande wa mbele. Unapaka chaki chini ya kifuniko, unakiburuta juu ya ukingo wa ubavu, na mbao inatoa sauti ya jike. Dume aliyepandwa na ashiki huja akitafuta sauti hiyo. Ndiyo maana ya mchezo wote.

Hoyt alivipanga mezani kama mtu anayeuza pete.

"Hiki ni mbao ya mjozi tupu, mama. Tazama huo mng'ao. Gavana angekitaka."

"Basi mpelekee gavana. Wewe kaa hapo upige. Mimi naenda ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Ng'ambo ya kijito, bwana. Bata mzinga hatakuwa amekaa mapajani pangu akisikiliza."

Alivuka kijito kwa mawe, akaingia mitini, akatupa mgongo. Nilimwelewa baadaye. Sikio lililo karibu na mbao husikia utamu wake wote, na utamu huo huo huishia njiani. Kinachofika mbali ndicho kinachoua. Hoyt alipiga kile cha mjozi kwa madaha. Kutoka mitini ikaja sauti ya Orlena:

"Huo ni mlango wa choo!"

Uso wa Hoyt ulipata rangi. Akachukua cha pili.

"Huyo jike anaumwa! Mpeleke hospitali!"

"Huyu ndugu yako," Hoyt aliniambia, "kuna mtu amewahi kumpenda?"

Cha tatu kilikuwa cha mwerezi, kimeachwa na rangi yake, hakina nakshi, na kifuniko chake kilikuwa cha mbao nyingine ngumu ambayo Hoyt aliiokota katika ghala lililobomolewa. Alikiburuta. Sauti ilianza juu, nyembamba na safi, kisha ikavunjika katikati na kushuka ikiwa na makwaruzo, kama mwanamke aliyeamka na koo kavu anayemwita mtu anayemfahamu. Hakuna tusi lililotoka mitini. Orlena alirudi polepole, akakichukua mkononi mwake, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye ukingo wa ubavu kupima wembamba wake, akainusa mbao. Kisha akakipiga mwenyewe: miito mitano hivi, wa mwisho ukifa. Hoyt, mtu wa kiburi, alivua kofia.

"Na kinanguruma pia," alisema, akakipokea na kukitikisa kwa kasi ili kifuniko kigonge huku na huku. Kweli kikatoa mngurumo wa dume, wa kutisha.

Orlena alimnyang'anya. "Hicho kipaji chake usinionyeshe. Mimi nataka kurudi nyumbani na kichwa changu."

Kila mtu hapa anajua alichomaanisha. Katika majira ya kuchipua sheria inaruhusu kuua madume tu. Anayeiga jike msituni ana ulinzi fulani, kwa kuwa hakuna mwindaji halali anayemfyatulia jike. Anayetikisa kisanduku na kunguruma amejigeuza windo, na akipigwa, watu wetu huinua mabega na kusema alijitakia. Mimi hiyo huiita sheria ya waoga: mwenye bunduki haulizwi alitazama nini, aliyelala damuni ndiye anayeulizwa alikuwa na sauti gani. Lakini ndiyo sheria yao, na ilikuwa ikimngoja Orlena.

Tulipanda Mgongo kabla ya jua. Tuliketi na migongo kwenye mwaloni, nyavu za kujificha usoni, bunduki yake magotini. Kulipopambazuka dume alinguruma kutoka tawini, mwingine akamjibu, na Orlena akaweka kisanduku kwenye kiganja cha kushoto kama mtu anayeshika yai. Alikigusa tu. Mwito mmoja laini, wa jike anayejinyoosha usingizini. Msitu wote ulipiga kelele.

Waliruka chini pamoja, madume wawili, na hawakufika kwetu kabla ya kukutana wao kwa wao. Nimefundisha biolojia miaka mingi na sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu ukweli wa jambo hili. Walisukana shingo kama kamba mbili zinazopindwa. Walirukiana kwa ile miiba ya miguuni, mabawa yakigonga vifua kwa sauti ya mazulia yanayopigwa. Mmoja alipofushwa na damu, kichwa chake chekundu kimeraruka, na yule mwingine alimshika ngozi ya shingo kwa mdomo akamburuta kwenye majani, akimkanyaga, mpaka akajinyofoa na kukimbia akipepesuka bondeni. Mshindi alisimama, akajifutua, akafungua mkia. Orlena hakupumua. Alikwaruza kifuniko kwa ncha ya kidole, kwa upole ambao sijawahi kuuona akimpa binadamu, na yule mshindi akaanza kuja kwetu akijigamba hatua kwa hatua.

Kisha akasinyaa ghafla, akainua shingo, akatoweka.

Kulia kwetu kulikuwa na kitu kinachotembea kwenye majani makavu. Wanaowinda bata mzinga wanajua kwamba ndege huyo akitembea, hutembea kama mtu: hatua mbili, kimya, hatua moja. Orlena alidhani ni dume wa tatu anayekuja kimyakimya. Nilimwona akiwaza. Akaita mara moja zaidi, mwito wa jike, laini, mfupi. Jike. Naandika neno hilo na nitaliandika tena mtu akiniuliza.

Bunduki ililia.

Uso wake ulirudi nyuma ukagonga mti. Wavu ulikuwa umejaa damu hata kabla sijaelewa kwamba ule mlio ulikuwa umeelekezwa kwetu. Marisau yalikuwa yamemwingia shavuni, shingoni, kwenye mkono ulioshika kisanduku. Jicho la kulia halikuwepo tena, mahali pake palikuwa panavuja. Mimi nilikuwa napiga mayowe. Yeye hakupiga. Alikuwa anahema kwa mdomo, akitema vipande vya wavu.

Doyce alitokea vichakani, bunduki ikifuka, na nyuma yake mgeni wake, daktari wa meno kutoka Tulsa, aliyetutazama kisha akatapika juu ya viatu vyake vipya.

Neno la kwanza la Doyce halikuwa jina la dada yake. Alisema, "Nilisikia dume ananguruma."

"We mjinga," Orlena alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Umepiga jike."

Hapo ndipo kesi yote ilipo, na alijua hilo akiwa ameketi chini na jicho moja. Kama Doyce alifyatulia sauti ya jike, basi alivunja sheria ya msimu, alinyemelea mwito wa mtu katika ardhi isiyo yake, na alipiga risasi bila kuona kitu: leseni inakwenda, bunduki zinakwenda, wageni wanakwenda. Kama dada yake alikitikisa kisanduku, basi ni bahati mbaya tu, sote tuombe. Neno langu halikutosha. Mimi ni binamu, na hakuna asiyejua kwamba simpendi Doyce. Daktari wa meno alisema masikio yake hayatofautishi ndege na trekta. Afisa wa wanyamapori, mtu mtaratibu aitwaye Treadway, alisema atasubiri mpaka mgonjwa aweze kuzungumza.

Kwa hiyo walikuja hospitalini kumfundisha cha kusema.

Alikuja mchungaji kwanza, na Biblia na keki ya mahindi, akazungumza juu ya msamaha kwa muda mrefu.

"Mchungaji," Orlena alimwuliza, "kusamehe na kusema uongo ni kitu kimoja?"

"Sijasema useme uongo, dada. Nasema huenda kumbukumbu, katika maumivu yale..."

"Kumbukumbu zangu zipo upande wa kushoto. Alipiga kulia."

Kisha alikuja mama yake, Velda, mama yangu mkubwa, ambaye sikutaka kumwona akifanya alichofanya. Aliketi kitandani, akamshika binti yake mguu kupitia blanketi.

"Sema tu ulikitikisa, mwanangu. Neno moja. Ana watoto."

"Mama, jicho limeondoka."

"Halitarudi hata ukisema kweli."

 Nilimwona Orlena akilimeza neno lile kama mtu anayemeza mfupa, na kwa muda niliogopa kwamba angekubali, kwa sababu hajawahi katika maisha yake kumnyima mama yake kitu.

Doyce mwenyewe alikuja mwisho, amenyoa, ana harufu ya sabuni. Alianza vizuri.

"Dada. Sisi ni damu moja. Kwani ukisema ulikitikisa unapungukiwa nini?"

"Ungetaka nikitikise, Doyce, ungeniacha na mkono."

"Usinifanyie utani. Unajua bila leseni mimi si kitu."

"Na ukiwa nayo?"

Aliinama juu yake, akaweka dole gumba kwenye bandeji, pale palipokuwa jicho, akabonyeza. Alifanya hivyo mchana, mlango ukiwa wazi, nami nimesimama pale pale. "Utasema ulikitikisa," alimnong'oneza, "au utalipoteza na jicho la pili." Doa jekundu lilianza kuenea kwenye pamba. Nilimrukia kwa nyuma, nikamvuta nywele, hakusogea. Orlena hakupiga kelele. Aliinua ule mkono mzima uliowaning'iniza kuku maisha yake yote, akakishika kidole kingine cha Doyce kilichokuwa shavuni pake, na kukikunja nyuma mpaka kikatoa sauti ya kijiti. Aliyepiga mayowe wodi ikaja mbio alikuwa Doyce.

"Mama," Orlena alimwambia Velda, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kuona yote, "sasa nimepata la kusema."

Afisa Treadway alimhoji juma lile lile, mimi na Doyce tukiwa chumbani, Doyce na kidole kilichofungwa kibao.

"Ulikitikisa kisanduku, mama?"

"Hapana."

"Wakati wowote asubuhi ile?"

"Sijakitikisa tangu kilipokuwa changu. Niliita kama jike, na mwito wa mwisho ulikuwa wa jike. Aliyefyatua alijua ni jike au alijua ni mimi. Achague."

Doyce alinyang'anywa leseni, na bunduki zikachukuliwa. Wageni walirudishiwa pesa zao. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipoufahamu mji wangu: si yeye aliyekwepwa. Wanawake waliohama benchi kanisani walimhama Orlena. Alikuwa amemvunja ndugu yake, walisema. Walimwona na kipande cheusi cha kitambaa usoni, wakatazama upande wa pili kwa aibu ambayo waliidhani ni hasira ya haki.

Alikuwa bado ana nyuzi shavuni tuliposikia msumeno.

Ulikuwa msumeno wa injini, ukilia juu ya Mgongo tangu alfajiri. Nilimpigia simu mkuu wa polisi wa wilaya, nikamweleza kwamba mtu anakata miti katika ardhi isiyo yake. Aliniambia kwamba mambo ya ndugu ni mambo ya ndugu na kwamba nijaribu kutulia. Sikutulia. Tulipanda kwa miguu, Orlena akinishika bega kwa sababu umbali ulikuwa umemponyoka pamoja na jicho. Alikanyaga mashimo na kujigonga kwenye matawi, akitukana.

Mialoni wanakolala ndege ilikuwa chini. Baba yake alizaliwa akaikuta. Ilikuwa imelazwa ovyo, mmoja juu ya mwingine, ikichuruzika maji kama kitu kilichochinjwa, na katika mmoja wao kiota kilichokuwa kwenye mzizi kilikuwa kimepondwa na shina, mayai yametoka, jike amefia juu yake na bawa limevunjika. Ulibaki mti mmoja. Doyce alikuwa mbele yake, amejaa unga wa mbao, macho mekundu.

"Rudi chini, Orlena."

 Orlena alipita mbele yake, akapapasa gome, akageuka, akaketi chini na mgongo kwenye shina kama anayesubiri kupambazuka.

"Nitakata na wewe ukiwa hapo."

"Kata."

Doyce alishusha msumeno kwenye gome juu kidogo ya kichwa chake. Vipande vya mbao vilimmwagikia nywele, kwenye nyuzi, kwenye mdomo. Hakujikunja. Doyce aliutoa msumeno, akamkamata kola, akamtupa kando. Orlena aliinuka, akaupapasa mti, akaketi palepale. Doyce akampiga ngumi ya uso, na damu ikamtoka puani na mdomoni. Akaketi. Nilimshika Doyce mkono, akanisukuma nikaangukia visiki, na nilipoinua kichwa alikuwa akimpiga teke la mbavu, na Orlena, akiwa kwa magoti, alikuwa anarudi kwenye mti akitambaa, akiutafuta kwa kiganja, kwa kuwa jicho lililobaki lilikuwa limevimba likazibika.

Aliupata. Akaketi. Akaweka mikono magotini.

Doyce alisimama juu yake na msumeno unanguruma mkononi, na nilijua, nikiwa na hakika ambayo hakuna shahada iliyonipa, kwamba angemkata.  Alimtazama dada yake kipofu anayesubiri. Kisha mikono ikamlegea, msumeno ukaanguka majanini ukiwa bado unazunguka na kurusha udongo, naye akageuka akashuka kilima akilia kwa sauti kubwa, kwa aibu, kama mtu aliyepigwa viungo vya vidole.

Nilikwenda nikauzima. 

"Ameondoka?" Orlena aliuliza.

"Ameondoka."

"Mti?"

"Umekwaruzwa tu. Umesimama."

Alitema damu pembeni, akapitisha ulimi ndani ya midomo iliyochanika, akanyoosha uso wake kwangu.

"Nitazame mdomoni, mwalimu. Kuna jino la mbele lililobaki?"

Nilipiga magoti, nikamfungua mdomo kwa vidole vyangu, nikatazama.

"Yamebaki."

"Basi nisaidie kuinuka. Tuteremke kwa huyo mkuu wa polisi, nikamtemee damu hii kwenye meza yake."